Taka, Mapepe na "Ile Hela"

Anayetumia Gmail kwa Kiswahili huyakuta maneno mawili pembeni mwa kioo: Barua taka. Humo hutupwa kila kinachodhaniwa hakistahili kusomwa: tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, urithi wa mjane wa jenerali, mkopo usio na dhamana, ushindi wa bahati nasibu ambayo mshindi hakuicheza. Kwa ufundi wa kuunda maneno, istilahi hii haina aibu. Nomino mbili zimekaa bega kwa bega bila kiunganishi, kama askari kanzu na bwana shamba, na mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Lakini mimi siipendi. Naona ilikosa shabaha, na kwa kukosa shabaha inatuficha ubaya wenyewe ulipo.

Tuanze na sikio. Taka ni neno lenye majirani wa ajabu. Upande mmoja lipo kutaka, kitenzi ambacho mtoto hukitumia kabla hajajua jina la babu yake. Upande wa pili yapo kutakata na kutakasa, na ukizidi kusonga mbele unafika kwa watakatifu. Uchafu umejenga katikati ya matamanio na utakatifu. Sisemi maneno haya ni ndugu. Ila sikio halitembei na kamusi. Mtangazaji wa redio akisema "barua taka", msikilizaji ana haki ya kujiuliza ni nani anayezitaka. Na swali lake litakuwa limegusa palipo na jambo kuliko istilahi yenyewe, maana kosa kubwa la barua hizi ni kwamba hakuna aliyezitaka.

Taka ni hukumu juu ya thamani ya kitu, na historia inaonyesha kwamba thamani haikuwa tatizo la kwanza. Mwezi Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Marekani iliyoitwa Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu takriban 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Aliwakaribisha kwenye maonyesho ya mashine mpya huko California. Mashine zilikuwapo kweli, maonyesho yalikuwapo kweli, na miongoni mwa waliopelekewa walikuwamo watu ambao kazi yao ilikuwa kompyuta. Haikuwa taka hata kidogo. Ila malalamiko yalifika mara moja, kwani mtandao ule ulikuwa mali ya Wizara ya Ulinzi na haukuwekwa ili watu wafanyie biashara. Watu walichukia kuingiliwa. Ubora wa mashine haukuwa na nafasi katika hasira ile.

Jina la Kiingereza lilichelewa kupatikana, na lilipopatikana lilitoka jikoni. Spam ni nyama ya nguruwe ya kopo iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel, jimbo la Minnesota, mwaka 1937. Mwaka 1970 kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, lilionyesha kwenye televisheni mgahawa ambao kila chakula kimetiwa nyama hiyo, na neno likarudiwa na kurudiwa hadi wateja hawawezi tena kusikilizana. Vijana waliocheza michezo ya maandishi kwenye kompyuta wakalichukua kwa maana hiyo hiyo: kumwaga maneno mpaka mazungumzo yazame. Machi 1993 programu iliyokusudiwa kufuta maandishi mabaya kwenye Usenet, mtandao wa makundi ya mijadala, ilienda kombo, ikabandika ujumbe wapata 200 katika kundi moja, na jina likatumika hadharani. Mwaka uliofuata, Aprili, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo lao katika maelfu ya makundi ya Usenet. Tangazo lilihusu bahati nasibu ya Green Card, jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa. Tangu hapo neno halikurudi tena koponi.

Tazama Waingereza na Wamarekani walichokiona. Hawakusema kitu hiki kinanuka. Walisema kinajirudia, kinafunika, kinanyima wengine nafasi ya kusikika. (Mpwani atacheka kidogo: wataalamu wa vichujio waliamua kuuita ujumbe mzuri kwa jina la paja la nguruwe lililokaushwa, kwa hiyo katika lugha yao mbaya ni nguruwe na mzuri ni nguruwe.) Wahispania walikwenda njia nyingine, wakasema barua ya takataka. Wafaransa wa Quebec, wanaopigania lugha yao kwa wivu ambao mimi ninaupenda, waliunganisha neno lao la barua pepe na lile la pipa la taka, wakapata pourriel, ambalo linasikika kama kitu kilichooza. Sisi tuliwafuata Wahispania, pengine bila kujua.

Lililoniuma zaidi ni kwamba tulikwenda kuazima taka wakati ndani ya barua pepe yenyewe tulikuwa na hazina. Wengi wetu tukisikia pepe katika barua pepe tunasikia upepo, kupepea, wepesi. Sawa. Lakini mwulize mkulima wa mpunga wa Kyela au Mbarali maana ya pepe. Atakwambia pepe ni punje iliyovaa ganda zuri kama wenzake, imesimama kwenye shuke kama wenzake, na ndani haina kitu. Mvua ikikatika wakati mpunga unachanua, mapepe yanakuwa mengi na gunia linakuwa jepesi. Kwa hiyo lugha yetu, kwa bahati ambayo hakuna kamati ingeweza kuipanga, iliita barua ya kompyuta kwa jina ambalo shambani ni punje tupu. Anayefungua kikasha chake asubuhi na kukuta arobaini, za maana mbili, hana haja ya kuambiwa kwa nini.

Na pepe lina faida ambayo taka haina. Taka unaijua kwa macho. Pepe hulijui mpaka upepete. Lote ni suala la kufanana. Ujumbe wa kitapeli unaojifanya umetoka benki umevaa nembo ya benki, rangi ya benki, hata sauti ile ya benki ya kukuita "mteja wetu mpendwa". Ganda ni lile lile. Ndiyo maana kazi ya kuutenga haikuwahi kuwa ya kufagia. Mwaka 2002 Paul Graham, mwandishi wa programu wa Marekani, alichapisha insha iliyopendekeza kompyuta iachwe ijifunze yenyewe: iyapitie maneno ya barua nzuri na maneno ya barua mbaya, ihesabu kila neno linaelekea upande gani, kisha barua mpya ikija ipimwe kwa uzito wa maneno yake. Hesabu zenyewe zilikuwa za karne ya 18, za mchungaji wa Kiingereza Thomas Bayes. Hapo kompyuta inafanya kazi ya mama mwenye ungo: inarusha, inasubiri, kilicho kizito kinabaki.

Istilahi tuliyonayo kwa kazi hiyo ni kichujio. Haina ubaya, inatosha kwa chai na kwa maji ya mto, lakini kuchuja ni kwa vitu viwili vinavyotofautiana waziwazi, majani na chai. Kupepeta kunakiri kwamba mapepe mengine yatabaki kwenye ungo na punje nzima nyingine zitaruka uani kwa kuku. Kila anayesubiri barua ya usaili wa kazi au ya chuo anapaswa kulijua hilo, aende akachungulie humo panapoitwa taka, maana neno taka linamfundisha asichungulie. Nani hupekua jalala kutafuta barua ya kuitwa kazini? Januari 2004, kwenye mkutano wa uchumi huko Davos, Bill Gates wa Microsoft alitabiri kwamba baada ya miaka miwili tatizo la barua hizi litakuwa limekwisha. Tuko hapa bado na ungo mkononi.

Kasoro ya pili ya barua taka ni neno barua. Anayeandikiwa ujumbe huu Afrika Mashariki, mara nyingi hana habari na barua pepe. Anao mfukoni, kwenye simu. Unaitwa meseji. Na hapa ndipo watu wa kawaida, bila baraza wala semina, waliwashinda waunda istilahi wote. Tanzania nzima inajua maana ya "tuma kwa namba hii". Hilo limekuwa jina la kosa la utapeli wa simu, na limetokana na sentensi ya kosa lenyewe, kana kwamba mwizi ameitwa kwa maneno aliyoyatamka akiingia. Wanaijeria walifanya jambo la kukaribia hilo walipouita utapeli wa barua 419, namba ya kifungu cha sheria ya jinai. Lakini 419 ni jina lililotoka mahakamani, letu limetoka mdomoni mwa tapeli.

Meseji hiyo inastahili kusomwa na mwalimu wa sarufi. Kwa kawaida huanza hivi: "Ile hela tuma kwenye namba hii", halafu huongeza kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Hakuna salamu. Hakuna jina la anayeandikiwa wala la anayeandika. Kiasi hakitajwi. Silaha yote imewekwa kwenye neno moja dogo, ile. Kionyeshi hiki, kinapotumika bila kunyooshewa kidole kitu chochote, kinadai kwamba wewe na mimi tuna jambo tunalolijua pamoja. Ukisema "ule mchezo" au "yule bwana", unamvuta msikilizaji kwenye kumbukumbu mnayoishiriki. Tapeli hana kumbukumbu yoyote nawe. Ameitupa ile kwa watu wengi, akijua kwamba miongoni mwao yupo aliyetoka sasa hivi kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu kodi, yupo aliyeahidi ada ya mtoto wa dada yake, yupo anayedaiwa na fundi. Kwa huyo, ile inapata maana papo hapo. Yeye mwenyewe anaijaza. Kwa wengine wote sentensi ni pepe, kwake peke yake ina punje.

Ukosefu wa salamu nao una kazi yake. Mswahili anayekuandikia bila salamu ni mtu wa karibu sana aliye na haraka, au ni mgeni asiye na adabu. Tapeli anacheza kamari kwamba utamdhania wa kwanza. Hata hela imechaguliwa vizuri. Neno hili, lililobaki kwetu kutokana na sarafu ndogo ya Wajerumani, ni la nyumbani zaidi kuliko "fedha", na hakuna mwenye nyumba anayekwambia "zile fedha". Nchini Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, mchezo uliozoeleka zaidi ni wa kuiga meseji ya mfumo, ukioneshwa kwamba umepokea pesa, kisha mtu anapiga simu akilia kwamba amekosea namba na umrudishie. Huko silaha ni umbo, si kionyeshi. Kwa ufundi wa lugha, nawapa ushindi matapeli wa "ile".

Sasa, je, meseji hii ni taka? Kuiita taka ni kuidharau, na anayeidharau ndiye anayeliwa. Kapu moja la taka limebeba vitu vitatu ambavyo havifanani. Yumo mfanyabiashara halali anayekutangazia bima saa tano usiku bila kuulizwa. Yumo tapeli. Na yumo yule anayebandika kitu kile kile chini ya kila mazungumzo ya watu: mganga anayerudisha mpenzi kwa siku moja, anayewaalika watu Freemason wapate utajiri, muuza dawa ya nguvu za kiume, wote wakiwa na namba ya simu na herufi kubwa. Wa kwanza anahitaji kudhibitiwa kwa sheria ya ridhaa, wa pili anahitaji polisi, na wa tatu anahitaji msimamizi mkali na kitufe cha kufuta. Vijana wa mitandaoni wana jina zuri la adhabu ya huyu wa tatu: amekula ban. Kula hapa ni kule kule kwa kula fimbo. Na mlangoni mwa tovuti, ili kuwazuia hao, sote tunaapishwa kwa sentensi ya Kiswahili sanifu kabisa, "Mimi si roboti", ambayo binadamu halisi wa Kariakoo angeisema "mimi siyo roboti". Mashine inatutaka tuthibitishe ubinadamu kwa kukubali sarufi ambayo hatuitumii tukiongea.

Wanasheria waliliona jambo vizuri kuliko waunda istilahi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 20, haiulizi kama ujumbe ni mzuri au mbovu. Inazungumzia ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba, unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa. Kiini ni kutoombwa. Na kwa mtu kuja bila kualikwa, Kiswahili hakina njaa ya maneno.

Kuna kuzamia: kijana anayeingia kwenye harusi ya watu akiwa amevaa suti amezamia, kama alivyozamia mwingine kwenye meli ya kwenda Ulaya. Neno zuri, lakini lina harufu ya ujasiri, na mzamiaji huhatarisha maisha yake. Huyu wetu hahatarishi kitu. Lipo la pili, la kale na la aibu zaidi: kudoea. Mdoezi ni yule anayejua saa ya wali kuiva kwa jirani. Hapigi hodi ya haja, anapita tu, anakaa, anasubiri sahani. Hakuchangia mchele wala kuni. Uchumi wa ujumbe huu wote umo humo. Anayetuma laki moja halipi zaidi ya anayetuma mia kwa kiwango cha kumuumiza. Gharama inabaki kwa mwenyeji, kwenye bando lake, kwenye nafasi ya simu yake, kwenye dakika anazopoteza kufuta, kwenye mitambo ambayo kampuni ya mawasiliano inainunua ili kupambana na wingi. Mtumaji anakula kwa kila mmoja kijiko kimoja, na nyumba ni milioni. Ukimwuliza, anasema amekuja kukusaidia.

Kwa hiyo ningependa tuwe na udoezi wa mtandaoni, na mtumaji awe mdoezi, na kitenzi kiwe kile kile tulichokirithi: "Wamenidoea tena leo." Ujumbe wenyewe uitwe ujumbe wa udoezi, uje kwa barua pepe, kwa meseji, kwa WhatsApp au kwa maoni chini ya habari. Utapeli ubaki utapeli, tusiufiche kapuni. Na mapepe yabaki neno la anayepepeta, kwa yale ambayo hayajulikani bado.

Najua pingamizi. Maneno ya mezani mengi hufa mezani. Ngamizi liliwahi kupendekezwa kwa kompyuta. Leo ukilitaja watu wanadhani umetaja ngamia. Tarakilishi lina maisha katika shule na vyombo vya habari vya Kenya, na Tanzania limebaki la kuchekeshana. Nywila ninalisoma kila siku na sijamsikia mtu akilisema kwa wakala wa simu. Huko ni namba ya siri, basi. Lakini angalia yaliyoshinda. Kudukua lilikuwa neno la kupeleleza na kusikiliza kwa siri mambo ya watu, likalala, likaamshwa kwa ajili ya wavamizi wa kompyuta, na leo gazeti lolote linaandika wadukuzi bila mabano. Kuvinjari lilikuwa la kuzunguka huku na huko kwa doria, na sasa tuna kivinjari. Yaliyoshinda hayakuwa mapya. Yalikuwa vitenzi vilivyokuwa na maisha yake, vikapewa kazi nyingine, na vikaja na unyambulishaji wake mzima: anadukua, amedukuliwa, mdukuzi, udukuzi. Barua taka haiwezi hilo. Jaribu kuinyambulisha. Ndiyo maana watu, wakihitaji kitenzi, wanakimbilia "kuspam", wakiacha kitenzi chetu kinachosema anadoea, tumedoewa, mdoezi, udoezi, kikiwa kimekaa bure.

Wapo pia watakaosema kwamba kudoea ni neno la kuchekesha mno kwa waraka wa serikali. Sikubali. Askari kanzu nalo lilikuwa la kuchekesha. Dhihaka iliyo ndani ya kudoea inafaa: mdoezi kila mahali duniani huogopa kutajwa kwa jina kuliko anavyoogopa kufukuzwa, na watangazaji wanaotuamsha usiku wamezoea kuitwa kwa majina ya heshima, kampeni, promosheni, huduma za ziada. Nataka mkurugenzi wa masoko asome gazetini kwamba kampuni yake imedoea wateja.

Wahariri wa kamusi na wenye programu zenye sura ya Kiswahili, nawaomba mlipime neno hili kwa mdomo wa watu kabla ya kulikataa. Wewe msomaji, ukipata "ile hela" usiijibu hata kwa matusi, maana jibu linamwonyesha tapeli kwamba namba yako ina mtu. Ukiwa Tanzania iripoti namba yake kupitia 15040, ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ukiwa Kenya na laini ya Safaricom, itume kwenda 333.